Faiba inakatika na huduma kwa wateja wanakwambia "zima, washa": soma kwanza kipimo cha mwanga kwenye ruta yako

Kinyerezi Mpya (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Haipiti wiki humu bila mtu kulia na intaneti ya nyumbani, na majibu anayopewa ni yaleyale: hama kampuni, nunua ruta kubwa, lipia kifurushi cha juu. Naleta uzi huu kwa sababu nimetoka kwenye msoto wa aina hiyo, na kilichoumaliza ni namba moja iliyokuwa ndani ya ruta muda wote. Kampuni siitaji. Tatizo hili linaweza kumpata mteja wa kampuni yoyote inayovuta faiba mitaani, na nikitaja jina tutaishia kubishana kampuni gani ni bora.

Hali ilikuwa hivi. Nina kifurushi cha 20 Mbps. Mtandao unakatika dakika mbili tatu, unarudi, unakatika tena. Siku ya jua unavumilika. Mawingu yakifunga na mvua ikaanza, ndiyo basi, mke wangu anayefanya kazi akiwa nyumbani anahamia kwenye bando la simu. Nikipiga simu, yule kijana ananiambia nizime ruta, nihesabu sekunde 30, niwashe. Nikiwasha mtandao unarudi, kwa sababu ungerudi hata bila kuzima, naye anaandika kwamba tatizo limetatuliwa na tiketi, yaani ile rekodi ya malalamiko yangu, inafungwa. Kesho yake naanza upya na mtu mwingine asiyejua lolote la jana. Hilo la tiketi kufungwa liliniuma kuliko kukatika kwenyewe.

Sasa tuelewane kwanza waya unavyofika kwako. Kwenye kituo cha kampuni kuna mtambo unaorusha mwanga kwenye uzi mmoja wa kioo. Uzi huo unakuja mtaani na kugawanywa na kifaa kinachoitwa splita, mara nyingi nyumba 32 au 64 kwa uzi mmoja. Kutoka kwenye kisanduku cha nguzo kuna waya mwembamba mweusi unaoingia ndani kwako na kuishia kwenye kile kiboksi tunachokiita ruta, ambacho mafundi wanakiita ONT. Kwa hiyo intaneti ikisumbua, kosa liko sehemu moja kati ya tatu: ndani ya nyumba yako, kati ya nguzo na nyumba, au kwa mtoa huduma mwenyewe na huko anakonunua mtandao. Simu ya huduma kwa wateja inachukulia kwamba kila tatizo liko sehemu ya kwanza. Kazi yako ni kuonyesha liko wapi.

Anza na taa. Ile ya PON ikiwa kijani imetulia, ruta inaongea na mtambo. Ikipepesa mfululizo, inajaribu kujisajili na inashindwa. Ile ya LOS inatakiwa iwe imezimika kabisa. Ikiwaka nyekundu maana yake mwanga haufiki, au unafika hafifu mno, na hapo hata ungenunua ruta ya milioni hakitabadilika kitu.

Kisha namba yenyewe. Unganisha simu au kompyuta kwenye Wi-Fi yako, fungua kivinjari, andika 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Anwani sahihi, jina na nywila viko kwenye stika chini ya ruta. Ingia sehemu ya Status, tafuta palipoandikwa Optical au PON, utaona Rx Optical Power. Hicho ndicho kipimo cha mwanga unaopokelewa, kwa dBm, na daima kitakuwa na alama ya kutoa mbele yake. Ruta nyingi za majumbani zimetengenezwa kupokea mwanga kati ya -8 na -27. Ukiwa na -18 au -22, uko salama. Kadiri namba inavyokwenda -25, -26, -27, unakaribia ukingoni.

Yangu siku ya jua ilisoma -26.7. Mvua ilipoanza nikakaa pale mezani naibonyeza upya: -27.3, -27.9, -28.4, kisha LOS ikawaka nyekundu na namba ikapotea. Nikapiga picha ya kila skrini, saa ikionekana juu ya simu.

Halafu nikaenda kwa jirani tunayetumia naye nguzo moja na kisanduku kimoja. Nikamwomba anifungulie ruta yake. Yeye alisoma -20.5, na mvua haikumbadilishia kitu. Hapo ndipo nilipopata jibu. Kila 3 dB zikipungua, mwanga unakuwa nusu ya uliokuwepo, kwa hiyo tofauti ya 6 na kitu kati yetu maana yake mimi nilikuwa napokea robo tu ya mwanga aliokuwa akipokea yeye. Mtambo uko sawa, uzi mkuu uko sawa, splita inampa yeye vizuri. Kilichobaki ni tundu langu ndani ya kile kisanduku na waya wangu mpaka nyumbani.

Nikaacha kupiga simu, nikaandika barua pepe na ujumbe wa WhatsApp wenye maneno haya, anayetaka anakili:

"Namba ya akaunti ni hii. Kipimo cha mwanga kwenye ONT yangu ni -26.7 dBm bila mvua, na -28.4 dBm saa 11:40 jioni mvua ikinyesha, kisha taa ya LOS inawaka. Jirani aliye kwenye kisanduku hichohicho anasoma -20.5. Picha nimeambatanisha. Naomba fundi wa laini ya nje akague kisanduku cha nguzo na waya unaoingia kwangu. Naomba tiketi isifungwe mpaka kipimo kifike angalau -24."

Fundi alikuja na ngazi. Alipofungua kisanduku, ule mpira unaoziba tundu la kuingilia nyaya haukuwepo. Sisimizi walikuwa wamejenga humo, udongo mwekundu umejaa kwenye trei, na konekta yangu ya kijani ilikuwa na unyevu kwenye ncha. Waya wangu ulikuwa umekunjwa kona kali na kufungwa kwa binding wire kwenye chuma cha nguzo, umebanwa mpaka ganda limebonyea. Alikata kipande kile, akaunganisha upya kwa mashine ya kuchomea, akasafisha tundu, akaweka mpira mpya. Nikiwa chini nikamsomea: -20.9. Mvua imenyesha tangu siku hiyo na LOS haijawaka.

Karibuni tuchambue. Mwenye tatizo aweke kipimo chake.

Dada wa Sinza

Asante sana kaka, nimefuata hatua zako. Yangu ni -19.2 na taa zote kijani. Lakini kuanzia saa mbili usiku YouTube inazunguka tu, na mchana iko vizuri. Nakaa ghorofa ya tatu, jengo lina wapangaji wengi. Kampuni wanasema kwao hakuna tatizo.

Kinyerezi Mpya

Dada, kwa kipimo hicho laini ya nje iache. Tafuta waya wa LAN, ule wa njano au kijivu uliokuja na ruta, chomeka kompyuta moja kwa moja, zima Wi-Fi ya kompyuta, halafu pima kasi saa mbili hiyo hiyo ya usiku. Baada ya hapo chomoa waya, pima kwa Wi-Fi ukiwa unapokaa kawaida. Lete namba zote mbili.

Dada wa Sinza

Nimepima usiku huu. Kwa waya 19.4 Mbps. Kwa Wi-Fi chumbani 3.8.

Kinyerezi Mpya

Basi kampuni wamesema kweli, intaneti inafika mlangoni kwako na inapotelea hewani. Mawimbi ya 2.4 GHz yana nafasi tatu tu zisizoingiliana, chaneli 1, 6 na 11. Jengo lenye ruta ishirini na kitu, watu wote wakirudi kazini jioni, wanagombania nafasi hizo tatu. Mchana hawapo, ndiyo maana mchana uko vizuri.

Kama ruta yako ina 5 GHz, ipe jina lake la peke yake na uhamishie TV na kompyuta huko. Ina nafasi nyingi zaidi, ila haipenyi kuta vizuri, kwa hiyo ruta isikae nyuma ya TV wala ndani ya kabati. Ukuta wa tofali za saruji wenye nguzo ya nondo unameza mawimbi kweli kweli. Vifaa vya zamani visivyoijua 5 GHz vibaki kwenye 2.4. Pakua programu ya kuangalia Wi-Fi za jirani, uone chaneli ipi kati ya zile tatu ina watu wachache, uiweke hiyo badala ya Auto.

Fundi Nguzo

Nimefanya kazi ya faiba miaka kadhaa, sasa niko kwenye shughuli nyingine, kwa hiyo nasema wazi.

Mleta uzi amesema vizuri. Naongeza yale ambayo wateja hawaambiwi.

Kipimo hicho cha mwanga kampuni wanakiona pia, kwenye mtambo wao. Anayepokea simu mara nyingi hana ruhusa ya kukifungua, au hajafundishwa. Mwambie hivi: "Naomba mtu wa mitambo asome mwanga wa ONT yangu pamoja na historia yake." Neno historia ni muhimu. Mtambo unaandika kila ulipopotea mwanga na kila ruta ilipozimwa.

Na hapa ndipo "zima, washa" inapoharibu. ONT nyingi zikikatiwa umeme ghafla zina nguvu kidogo iliyobaki ya kutuma ujumbe wa mwisho kwa mtambo, kwamba umeme umekatika. Faiba ikikatika, ujumbe huo hauji, mtambo unaandika kupotea kwa mwanga. Kwa hiyo mteja anayezima ruta kila mara anajaza historia yake na "umeme, umeme, umeme". Fundi akiiangalia anasema huyu ana shida ya umeme nyumbani, haji. Ikikatika, iache kwanza. Piga picha ya taa. Andika saa. Zima baadaye kama ni lazima.

Mengine:

Konekta ya kijani na ya bluu haziingiliani hata kama zinachomekeka. Ya kijani ncha yake imekatwa kwa mshazari, ya bluu haina mshazari. Ukizichanganya mwanga unapotea mwingi. Nimeona mtu amenunua kamba ya bluu dukani Kariakoo kwa sababu ilikuwa bei nafuu, akakaa na tatizo muda mrefu.

Usifute ncha kwa shati wala kwa mate. Tena usichungulie ndani ya waya wa faiba. Mwanga ule jicho halioni, lakini unaingia.

Waya wa ndani usiukunje kama wa pasi. Kabati likisukumwa ukutani likaubana, kipimo kinaanguka.

Adapta. Ruta nyingi zinakula volti 12. Adapta ikichoka inatoa pungufu, ruta inajiwasha upya yenyewe, hasa vifaa vikiwa vingi. Dalili yake ni taa zote kuzimika pamoja, Power ikiwemo. Kama Power haikuzimika, usiilaumu adapta.

Mgeni Ilala

Wakuu, mimi nimelipia 200 Mbps. Kwa waya napata 94, haipandi hata kidogo. Ni wizi au?

Fundi Nguzo

94 ni namba ya waya. Tundu au waya wako unafanya kazi kwa kiwango cha megabiti 100, na baada ya mzigo wa taarifa za njiani unabaki na 94 hivi. Kiwango cha gigabiti kinahitaji nyuzi zote 8 ndani ya waya wa LAN ziguse. Uzi mmoja ukiachia, vifaa vinashuka kwenye 100 kimya kimya. Badilisha waya, chukua ulioandikwa Cat 5e au Cat 6. Ikibaki 94, angalia tundu la kompyuta yako au la ruta, nyingine ni za 100 tu.

Mgeni Ilala

Nimebadilisha waya, 191. Mungu akubariki mkuu.

Baba Watatu

Mimi nalipia 10 Mbps lakini nikipakua faili naona 1.2 tu kwenye kompyuta. Nimegombana nao mpaka basi.

Kinyerezi Mpya

Mkuu, hiyo iko sawa. Kifurushi kinahesabiwa kwa megabiti, kompyuta inakuonyesha megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Gawa 10 kwa 8 upate 1.25. Wanakupa ulicholipia.

Nyali

Habari zenu ndugu zangu, nawasoma kutoka Mombasa. Huku kwetu shida ni ileile, barabara ikichimbwa tu waya wa faiba unakwenda. Lakini mimi yangu ni tofauti: mwanga -21, kwa waya napata kasi yote nikipima, lakini tovuti zingine hazifunguki kabisa na WhatsApp inafanya kazi. Stima ikipotea na kurudi, ndio mbaya zaidi.

Kinyerezi Mpya

Karibu sana ndugu. Hapo tupime kwa ping, yaani kutuma ujumbe mdogo na kusubiri jibu, hatua kwa hatua kutoka ndani kwenda nje. Kwenye kompyuta fungua Command Prompt. Kwanza ping anwani ya ruta yako. Majibu yaje ndani ya milisekunde chache na pasipotee hata moja. Zikipotea, tatizo ni la ndani. Pili, ping 8.8.8.8, ambayo ni anwani ya Google. Ikijibu, njia ya kwenda duniani iko wazi. Tatu, ping jina la tovuti badala ya namba. Kama namba inajibu na jina halijibu, mara nyingi kinachosumbua ni DNS, yaani ile huduma inayobadilisha majina kuwa namba. Ingia kwenye ruta au kwenye kompyuta, weka 1.1.1.1 na 8.8.8.8, jaribu tena.

Nyali

Ndiyo yenyewe! Namba ilijibu, jina likagoma. Nimeweka 1.1.1.1, zote zinafunguka sasa. Shukrani mzee.

Kinyerezi Mpya

Nafurahi kusikia. Niongeze jambo kwa wote kuhusu ile sehemu ya tatu, kwa mtoa huduma na nje ya hapo. Kuna siku tatizo haliko kwako, haliko mtaani, wala haliko Dar. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilikatika, na nchi nyingi za ukanda huu zikaathirika, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Siku ile watu walizima na kuwasha ruta mpaka wakachoka, na wengine walilipia bando jipya kwenye mtandao mwingine uliokuwa umeathirika vilevile. Kama PON ni kijani, mwanga ni mzuri, ruta inajibu ping, lakini 8.8.8.8 inapoteza nusu ya majibu, muulize mtu wa kampuni nyingine kabla hujatoa hela. Akiwa na hali kama yako, tulia.

Mpangaji Mbezi

Mimi situmii faiba, natumia ile ruta ya laini ya 4G. Hiyo Rx siioni.

Kinyerezi Mpya

Kwako tafuta RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, kwenye ukurasa wa ruta. Ikiwa karibu na -80 una mawimbi ya kutosha, ikifika -110 utapata taabu. Isogeze dirishani upande wa mnara, iinue juu ya kabati, soma namba tena. Mita moja inaweza kuleta tofauti kubwa. Lakini jioni mnara ukizidiwa na watu, hata -75 haitakusaidia.

Dada wa Sinza

Nimerudi. Nimetenganisha 5 GHz, nimetoa ruta nyuma ya TV. Sebuleni 18, chumbani 11. Naweza kuangalia kitu mpaka mwisho sasa. Swali lingine: mwezi uliopita faiba ya jengo ilikatika kabisa zaidi ya wiki, na nimetozwa mwezi mzima. Nadai vipi?

Kinyerezi Mpya

Hongera dada. Kuhusu hela, andika kwao kwa maandishi, si simu. Taja tarehe ilipokatika, tarehe iliporudi, namba ya tiketi, na uombe siku hizo ziongezwe kwenye kifurushi au zikatwe kwenye ankara ijayo. Wengi wanakubali siku kuongezwa kwa sababu haiwagharimu sana. Wakikataa au wakikaa kimya, unapeleka malalamiko TCRA, ile Mamlaka ya Mawasiliano. Ila utaulizwa kwanza kama ulianza na mtoa huduma, na ndiyo maana nasisitiza maandishi. Mtu aliyepiga tu simu anafika pale mikono mitupu, na inaniuma kwa sababu mara nyingi ndiye mwenye haki. Wapangaji wengine wa jengo waandike pia, kila mmoja kwa akaunti yake, wataje tarehe zilezile.

Dada wa Sinza

Naandika usiku huu. Nitawaambia na wenzangu kwenye grupu la jengo.

Mama Chanika

Samahani wakuu, nimechelewa. Yangu inasoma -31.5, LOS inawaka na kuzima. Walikuja wakabadilisha ruta, wakaondoka. Ruta mpya, namba ileile.

Fundi Nguzo

Mama, ruta mpya ikisoma namba ileile, ruta ya zamani haikuwa na kosa. Angalia kile kiboksi kidogo cha ukutani ambapo waya wa nje unaingia na kamba fupi inatoka kwenda kwenye ruta. Kamba hiyo ina rangi gani kwenye ncha, na imekunjwa mahali popote?

Mama Chanika

Ni ya kijani pande zote mbili. Haikukunjwa. Ila waya wa nje umepita juu ya bati la jirani, na kuna mahali umelalia kwenye mti wa mwembe.

Kinyerezi Mpya

Mama, usipande huko, na mtu yeyote wa nyumbani asiuvute. Piga picha hapo kwenye mwembe na hapo kwenye bati kutoka chini. Piga picha ya skrini yenye -31.5. Watumie ule ujumbe niliouweka juu kwa namba zako, na uongeze mstari huu: "Ruta imeshabadilishwa na kipimo hakikubadilika, naomba fundi aje na kifaa cha kupima waya wa nje." Kama kuna jirani wa nguzo moja na wewe, mwombe akusomee cha kwake uweke hapa.